Tuanze na sheha

Swali la wiki hii lilikuwa: kati ya mambo 22 ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano wa Tanzania, ni lipi lirejeshwe Zanzibar kwanza ili visiwa vijiendeshe vizuri zaidi? Nadhani wengi watataja polisi au kodi ya mapato, na hoja wanayo, kwani orodha ilianza na mambo 11 mwaka 1964 na kila nyongeza imeacha manung'uniko yake. Mimi naomba kuzungumzia jambo ambalo halimo kabisa katika orodha hiyo na ambalo siku zote liko mikononi mwetu wenyewe, nalo ni sheha, yaani kiongozi wa serikali katika shehia, ngazi ya chini kabisa ya utawala wetu Zanzibar.

Tuna Rais wetu, Baraza la Wawakilishi letu na Mahakama Kuu yetu, na tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2010 tuna Makamu wa Rais wawili. Hayo yote mtu wa shamba huyasikia redioni. Serikali anayokutana nayo ana kwa ana ni sheha, ambaye bila ya barua yake huwezi kuthibitisha hata kwamba unaishi unapoishi. Diwani tunampigia kura na mwakilishi tunampigia kura, lakini sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa kushauriana na Mkuu wa Wilaya, nao wote wawili ni wateule wa Rais.

Mwaka 2009, kule Pemba, mtoto wa dada yangu alihitaji barua ya sheha ili apate kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho bila yake asingeweza kuandikishwa kuwa mpiga kura. Kijana huyu ni mvuvi, na kama wavuvi wenzake huenda dago, yaani huhamia na nyavu pwani ya mbali kwa msimu mzima kisha hurudi kwao. Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na mama yangu, ambaye alisisitiza kuwapo kwa kuwa sheha alikuwa mtu wa rika lake. Tulimkuta barazani kwake, daftari likiwa juu ya paja na muhuri umefungwa katika kitambaa. Alitukaribisha kwa heshima zote na akamuulizia mama hali ya mguu wake. Tulipoeleza shida yetu alisema hawezi kuandika, kwa kuwa kijana si mkaazi wa shehia yake. Mama akamwambia, "Bwana Sheha, si wewe uliyeshuka kaburini siku tuliyomzika baba yake huyu?" Sheha alinyamaza kidogo, kisha akajibu, "Bi mkubwa, kumjua namjua tangu anazaliwa. Lakini mimi naandika barua ya anayekaa, na huyu msimu uliopita hakukaa." Mama akamuuliza kama wavuvi wote wa kijiji basi si wakaazi, naye akafunga daftari na kuagiza tuletewe kahawa. Tulikunywa, kwa sababu kukataa kahawa ya mtu ni utovu wa adabu, na hakuna aliyelitaja tena jambo lililotupeleka. Njiani kijana alisema angemstahamilia zaidi kama angetutukana.

Mwezi Novemba mwaka huohuo viongozi wetu wakuu, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF, walikutana na kuridhiana. Mwaka uliofuata, kabla ya kura ya maoni ya Julai ambayo asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, sheha yuleyule alimwandikia kijana yuleyule barua aliyoikataa, na kijana alikuwa bado anakwenda dago kama kawaida. Hakuna sheria iliyobadilika katikati. Kilichobadilika ni hali ya hewa huko juu.

Nilianza kuandika nikiwa nimekusudia kusema kwamba sheha achaguliwe kwa kura. Sasa nasita. Sheha huyu ndiye aliyepatanisha ndugu wawili waliogombania mpaka wa mikarafuu, akiwaonyesha mti mmoja mmoja na nani aliupanda, na pande zote mbili zilimkubali kwa sababu hakuna aliyewahi kumpigia kura ya kumkataa. Tunazijua chaguzi zetu. Sheha akipatikana kwa ushindani wa vyama, nusu ya shehia itakuwa na sheha na nusu itakuwa na mpinzani, na mvuvi wa upande ulioshindwa hatapewa hata kahawa.

Kwa hiyo nasema aendelee kuteuliwa, ingawa wakaazi wasikilizwe kabla ya jina kupitishwa, na uteuzi uwe na muda maalumu. Kinachopaswa kuondoka ni uwezo wa kukataa kwa mdomo. Anayenyimwa barua apewe sababu kwa maandishi, na awe na haki ya kukata rufaa itakayoamuliwa kabla ya uandikishaji kufungwa. Rufaa hiyo isiende kwa Mkuu wa Wilaya aliyeshauri uteuzi wa sheha. Iende mahakama ya wilaya, hata kama kwa watu wa visiwa vidogo kama Kojani hiyo ni safari ya mashua. Baraza la Wawakilishi linaweza kuyapitisha haya pale Chukwani bila ya kumuomba ruhusa mtu yeyote Dodoma.