Mama alimenya nanasi, mashine ikaonyesha 231

SWALI: Mama yangu ana kisukari na tunaishi naye hapa Kadutu, Bukavu. Jumamosi asubuhi aliwamenyea watoto nanasi, kisha akajipima sukari kabla ya kula chochote, akakuta 231 (miligramu kwa desilita). Tulikimbilia kituo cha afya, na huko wakapata 134. Je, mashine yetu imeharibika? Na je, mama aongeze dawa?

JIBU: Dada yetu, umefanya vyema kulitaja nanasi, maana bila hilo tungeishuku mashine bure. Tone la kupimia ni dogo mno, kwa hiyo hata maji kidogo ya tunda yaliyokaukia kidoleni, yasiyoonekana kwa jicho, huchanganyika na damu, na mashine huihesabu sukari yote bila kujua ipi imetoka mwilini na ipi imetoka kwenye nanasi. Kufuta kwa pamba yenye spiriti hakutoshi. Mama anawe kwa sabuni na maji, kisha akauke kabisa, kwa sababu kidole kibichi nacho huizimua damu na kushusha namba. Najua mabomba ya mtaani yanaweza kukauka siku nzima; basi muwekeeni kikombe kimoja cha maji tangu usiku. Yakikosekana kabisa, atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, afute tone la kwanza, apime la pili.

Mashine nzuri huweza kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15, hivyo tofauti kama ya 134 na 145 isiwasumbue. Pengo lenu ni kubwa kuliko hilo. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya vijiti vya kupimia, na kopo lao lifungwe mara tu kijiti kinapotolewa, kwani unyevu huviharibu.

Dawa asiiongeze kwa sababu ya namba hiyo, tafadhali sana. Kinachonitia hofu zaidi ni kinyume chake: siku sukari yake itakaposhuka chini ya 70, tunda lililobaki kidoleni linaweza kuificha hatari hiyo, na mashine ikaonyesha kwamba yuko salama. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba au kuchanganyikiwa, msiiamini namba nzuri iliyopimwa kwa mikono ambayo haikunawiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni mara moja maji yaliyokorogwa vijiko vinne vidogo vya sukari, mnawisheni, kisha mpimeni tena baada ya dakika 15. Asipoweza kumeza, msimnyweshe kitu, mkimbizeni kituoni.