Maswali ya wasomaji: Kuchomelea difu ya mbele

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Nina Hilux LN106 yenye injini ya 3L, ile ya ekseli nzima mbele na springi za bapa. Natoa mahindi kwenye shamba la udongo mweusi. Nikivuka korongo wakati wa mvua, tairi moja ya mbele inaning'inia na kuzunguka bure, ya upande wa pili imesimama kama haihusiki. Fundi anasema tuchomelee difu ya mbele, ya nyuma tusiiguse. Yuko sawa? – *Msomaji, Babati*

JIBU: Kama ni lazima kuchomelea, fundi wako kachagua upande sahihi. Lakini kwa pikapu ya mizigo, hiyo siyo kazi ya kuanza nayo.

Difu ya kawaida hugawa nguvu sawasawa kushoto na kulia. Tairi iliyo hewani haihitaji nguvu yoyote ili izunguke, basi na mwenzake aliye chini anapata kiasi hichohicho kidogo. Ukichomelea gia ndogo za ndani, shafti mbili zinakuwa kama moja: tairi zote mbili zizunguke, au zote zisimame.

Upande wa mbele unavumilika kwa sababu ya habu za kufunga na kufungua kwa mkono. Ukiwa barabarani, habu ziko FREE, shafti za mbele hazishikani na tairi, na gari linakwenda kama lilivyokuwa. Nyuma hakuna habu za namna hiyo. Difu ya nyuma iliyochomelewa inaburuza tairi kwenye kila kona, inazila, inachosha shafti, na kwenye lami yenye maji inaweza kukuserereshea mkia wa gari bila kukuonya.

Sasa gharama yake. Chukua injini yenye nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 190, gia namba moja yenye uwiano wa 4, fowili nzito (4L) ya 2.28 na difu ya 4.1. Ukizidisha unapata zaidi ya Nm 7,000 kwenye tairi zote. Nusu yake, kama 3,500, inakwenda mbele. Kwa difu ya kawaida kila tairi ya mbele inabeba 1,750. Kwa iliyochomelewa, tairi moja ikiwa imeng'ang'ania jiwe na mwenzake yuko hewani, hiyo moja inabeba 3,500 zote. Na nyuma nako kukiteleza, inaongezewa hata ile iliyokuwa ya nyuma. Mzigo huo unapita kwenye sivi, kile kiungio cha gololi sita kilicho ndani ya tufe la usukani. Sivi ya LN106 inavumilia mengi usukani ukiwa umenyooka. Ukiukata usukani mpaka mwisho halafu ukakanyaga mafuta, hasa kwa rivasi, kikombe chake kinapasuka.

Usukani wenyewe utabadilika. Kwenye 4L gari litataka kwenda moja kwa moja, na itabidi uligeuze kwa kurudi nyuma na kusogea mbele. Kwenye mteremko wa ubavuni kuna hatari zaidi: difu ya kawaida huacha tairi moja izunguke huku nyingine ikishika njia, lakini iliyofungwa huzungusha zote mbili pamoja, na pua ya gari inateleza kuelekea bondeni.

Pikapu yenye magunia ina uzito nyuma, na ikipanda mlima uzito unazidi kurudi huko. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye kitasa cha difu ya nyuma, kifaa kinachounganisha shafti mbili na kufungwa au kufunguliwa na dereva, kiwe cha umeme cha Toyota chenyewe au cha upepo kama ARB Air Locker. Kabla hata ya hapo, weka tairi zenye meno mapana yanayotema tope. Kwenye udongo mweusi tairi iliyojaa tope inakuwa laini kama mche wa sabuni, na hapo hata difu iliyofungwa haikusaidii.

SWALI: Sisi tayari tuna kitasa nyuma na tumeamua kuchomelea ya mbele kwenye gari la mashindano, Hilux ya ekseli nzima. Tupeni utaratibu, tafadhali. – *Wasomaji, Nanyuki*

JIBU: Kazi hii huharibikia kwenye maandalizi kuliko kwenye kuchomelea kwenyewe.

Mwaga oili, toa tairi, kaliper, habu na spindo pande zote mbili, kisha vuta shafti. Sehemu bapa ya shafti ya nje ielekee juu, la sivyo sivi itakwama kwenye tufe na mtaanza kupiga nyundo bila sababu. Zile sili za ndani za shafti wekeni mpya wakati huohuo. Zikivuja, oili ya difu inaingia kwenye tufe na kuifanya grisi kuwa uji.

Difu ikiwa mezani, piga alama kwa senta-panchi kwenye vifuniko vya beringi, cha kushoto na cha kulia, visibadilishane. Toa krauni, ile gia kubwa ya duara (bolti 10), na beringi zote mbili. Usikubali kuchomelea difu huku krauni na beringi zikiwa bado ndani. Umeme ukipita kwenye gololi unaziachia madoa yatakayokuwa mlio, na joto linapunguza ugumu wa meno ya krauni.

Osha kwa petroli, acha ikauke kabisa mbali na moto, kisha pasha joto. Oili iliyojificha kwenye chuma itatoka kama moshi. Futa na urudie mpaka moshi uishe. Joto la kuchomelea liwe nyuzi 200 hadi 250. Kama huna kipimo, gusisha waya wa kulehemu wa bati na risasi: ukiyeyuka umeshafika karibu 190, ongeza kidogo. Gia hizi zina ngozi ngumu yenye kaboni nyingi. Zikichomelewa baridi, mshono unapasuka pembeni wakati unapoa, mara nyingine kwa sauti unayoisikia.

Chomelea gia kwa gia. Bumba la nje, lile linalobeba gia hizo, ni chuma cha kusubu, mshono wa kawaida haudumu hapo, kwa hiyo lisitegemewe kubeba nguvu. Tumia fimbo za kuchomelea za 309L za milimita 3.2, ambazo zinavumilia vyuma visivyofanana, au 7018 zilizokaushwa kwenye oveni. 7018 iliyokaa wazi dukani imeshanyonya unyevu, na unyevu huo ndio unaoleta nyufa. Kabla ya kushikiza, hakikisha gia zimekaa kwenye viti vyake na shafti zote mbili zinaingia mpaka mwisho. Kisha jaza mabonde ya meno kwa mishono mifupi ya sentimita mbili au tatu, ukihama upande mmoja kwenda wa pili, na kila mshono ugongwe kwa nyundo ndogo ungali mwekundu. Linda mifereji ya ndani ya gia. Tone moja la chuma humo, shafti haiingii.

Fukia kwenye majivu makavu au mchanga mkavu uliopashwa moto, iache mpaka kesho yake.

Kinachofuata ndicho kinachopuuzwa zaidi: gamba la mshono. Vipande vyake ni vyeusi, vyepesi, vikali kama vigae vya chupa, na sumaku haivivuti. Kimoja kikibaki kitaachia beringini na kuichana. Gonga, piga brashi ya waya, osha kwa petroli, puliza kwa upepo, halafu rudia yote hayo.

Wakati wa kufunga, bolti za krauni zikazwe Nm 97 na za vifuniko vya beringi Nm 78. Nafasi kati ya krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) iwe milimita 0.13 hadi 0.18, ipimwe sehemu kadhaa za mzunguko. Krauni ikiyumba zaidi ya milimita 0.10, joto limepinda bumba, tafuta jingine. Jaza oili ya GL-5 mpaka iguse ukingo wa tundu, na tufe la usukani lijazwe grisi ya molibdenamu robo tatu.

Inua tairi zote mbili za mbele, stelingi inyooke, kiteuzi kiwe 2H (nguvu kwa tairi za nyuma tu), funga habu, zungusha tairi moja kwa mkono. Ya pili ifuate upande uleule, papo hapo. Baada ya kilomita 500 mwaga oili na uangalie sumaku ya kizibo. Ungaunga wa kijivu ni kawaida, punje zinazokwaruza kidole si kawaida.

Bebeni sivi mbili za akiba na bolti za habu. Kuna faida moja hapa: sivi ya upande mmoja ikivunjika, mkishatoa vipande na kufungua habu ya upande huo, tairi ya upande wa pili bado inavuta. Kwa difu ya kawaida isingevuta. Lakini vipande vitolewe kwanza, vikijikita ndani ya tufe vinafunga usukani.

SWALI: Shikamooni. VX yangu ni Land Cruiser 80 ya fowili muda wote. Naweza kufanya kazi hiyohiyo? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba. Hapana. Gari lako halina habu za kufungua, tairi za mbele zinavutwa saa zote. Difu ya mbele ikichomelewa, utaendesha lami kila siku na usukani unaokataa kona. Angalia dashibodi: kama ipo swichi ya kuzungusha yenye RR na FR, tayari una vitasa vya kiwandani. Hufungwa cha nyuma kwanza, cha mbele baadaye, ukiwa 4L na mwendo wa mtu anayetembea. Taa ya kitasa ikiendelea kupepesa bila kutulia, mara nyingi mota yake imeshika kutu kwa kutotumika. Ifunguliwe, isafishwe, kisha kitasa kitumike walau mara moja kwa mwezi kwenye udongo laini.

SWALI: Nimechomelea difu ya mbele mwezi uliopita. Sasa nikikata kona kwenye 4L nasikia "tak, tak, tak" upande wa kulia. – *Msomaji, Singida*

JIBU: Kama mlio unaongezeka usukani ukikatwa na unakwisha ukinyooka, ni sivi ya kulia. Fungua habu zote mbili uendeshe mita chache. Ukinyamaza, umethibitisha. Ukiendelea hata habu zikiwa wazi, kagua beringi ya tairi na breki. Na kama mlio ni mmoja mzito kila mzunguko wa tairi, hata ukiwa umenyoosha, simama hapohapo. Huenda mshono umeachia, na kipande kikiingia kati ya krauni na pinioni difu inajifunga na kuvunja meno. Weka kiteuzi 2H, fungua habu zote, rudi nyumbani polepole, na difu ishushwe kabla ya safari nyingine.