Maswali na Majibu: Mvuvi wa Pande Tatu Kwenye Skrini Ndogo

Nimemuunda mvuvi wa dagaa kwa Blender, programu ya maumbo ya pande tatu, nikamrenda (yaani nikamgeuza kuwa picha bapa) na kumpunguza awe spraiti, kijipicha kinachotembea kwenye skrini, ya Game Boy Advance, mashine ya michezo ya mkononi. Kwenye kompyuta anapendeza, ila kwenye mashine ana mzingo mweupe na kasia lake linatoweka na kurudi. (Ujiji)

Mzingo mweupe nimekwisha kuueleza katika safu hii zaidi ya mara moja, na naomba wanaouliza wasome kwanza majibu yaliyotangulia. Programu hulainisha kingo kwa kuchanganya rangi ya umbo na ya nyuma yake, ilhali ndani ya spraiti ya mashine hii pikseli, yaani nukta moja ya picha, ama ipo ama haipo, kwa hiyo mchanganyiko ule hubaki kama ukungu unaomzunguka mtu. Zima ulainishaji wa kingo za nje kabla ya kurenda.

Kasia ndilo lililonifanya nichague swali hili. Nimezikuza fremu ulizonitumia, yaani picha za hatua za mwendo, moja moja: katika ya kwanza kasia lina unene wa pikseli moja, katika ya pili limekatika katikati, katika ya tatu halipo kabisa. Umefuata vipimo vya kasia halisi la Kibirizi, lakini mtu mwenye kimo cha pikseli 32 hana nafasi ya vipimo halisi. Linenepeshe mara mbili, kikuze kichwa na karabai, urende upya, kisha uisahihishe kila fremu kwa mkono, pikseli kwa pikseli. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo vijana wengi wanayoikimbia wakidhani kwamba kurenda kumewaondolea kazi ya kuchora, wakati kumewapa tu msingi wa mwendo na kivuli.

Naweza kutumia rangi zote 32,768 za mashine hii? (Kasulu)

Kwa spraiti moja, hapana. Utapata paleti (seti ya rangi) ya rangi 16, moja ikiwa ya uwazi, au ya 256 kwa kumbukumbu maradufu. Zizoee 15, na uzichague kwa fremu zote kwa pamoja, la sivyo ngozi ya mvuvi itabadilika kila anapopiga hatua.

Boti yangu ina pande 16, fremu 8 kila upande, pikseli 64 kwa 64. Mchezo unagoma. (Kibondo)

Kwa rangi 16, picha moja ya ukubwa huo hula baiti 2,048. Zako ni 128, yaani kilobaiti 256, na kumbukumbu ya spraiti ni kilobaiti 32. Hesabu hiyo ilipaswa kufanywa daftarini kabla ya kurenda picha hata moja. Ziache katika katriji, yaani kaseti ya mchezo, unakili kwenye kumbukumbu hiyo ile tu inayoonekana wakati huo. Mashine pia inaweza kuipindua picha kushoto kwa kulia, hivyo pande 9 zinatosha kutoa 16. Lakini mwanga uliotoka kushoto utahamia kulia, na mvuvi aliyeshika karabai kwa mkono wa kulia atageuka wa shoto. Ndiyo maana nasisitiza mwanga uwekwe juu, mbele kidogo.

Naomba spraiti za michezo ya zamani nizitie katika wangu. (Kasulu)

Hapana. Zina wenyewe.

Kompyuta ya kawaida inatosha? (Kigoma mjini)

Inatosha. Mwaka 1994 kampuni ya Rare ilitumia kompyuta ghali za Silicon Graphics kutengeneza mchezo wa Donkey Kong Country kwa njia hii ya kurenda. Leo Blender ni ya bure.

Mchezo wangu ni wa usiku ziwani, na mvuvi haonekani vizuri. (Ujiji)

Kosa hili ni la zamani. Mchezo wa Donkey Kong Land wa mwaka 1995 ulipeleka picha zilizorendwa kwenye Game Boy ya zamani yenye viwango vinne tu vya kijivu, na kwa kuwa mandhari nayo ilijaa vivuli, wahusika walizama ndani yake. Game Boy Advance ya kwanza, ya mwaka 2001, haikuwa na taa ya skrini, kwa hiyo weusi wako unaoonekana vizuri kwenye kompyuta unakuwa giza tupu mkononi. Maji yawe ya bluu ya kati, mandhari isiwe na vivuli vingi, na mng'ao wa karabai pekee ndio uwe na rangi kali. Kisha uujaribu mchezo kwenye mashine yenyewe, jioni, ukiwa umeketi sebuleni.