Maswali yenu: Jirani kapata maji, mimi nimepata vumbi

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Veyula hapa Dodoma, nimechimba kisima kirefu mita 120 nikaambulia vumbi la kijivu tu, jirani yangu hatua chache kutoka kwangu kachimba mita 70 maji yakaruka. Fundi anasema tuongeze mita 50 tutayakuta. Je, kuna mto chini ambao umenipita pembeni? Msomaji, Veyula.

JIBU: Pole sana kaka, hela ya kisima sio hela ndogo. Naomba usiongeze hizo mita 50.

Mto hakuna. Mwamba wetu huku ni itale, ndo hiyo hiyo ya Mlima Simba na yale mawe makubwa yaliyopandana, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5 na ikiwa nzima haina pa kuweka maji. Maji yanakaa kwenye nyufa na kwenye mwamba uliooza. Ndiyo, mwamba unaoza, maji ya mvua yakishapita kwenye udongo yanakuwa na tindikali kidogo, yanaila ile sehemu ya itale inayoitwa feldispa taratibu kwa miaka mingi mno mpaka inakuwa mfinyanzi, ila kwatzi, ile sehemu ngumu ya itale, hailiki, inabaki mchanga. Nenda kwa jirani kwenye rundo la udongo waliotoa, chukua ule wa mwanzo mwanzo ufikiche, utalegea wote halafu utabaki na punje ngumu zinazokwaruza na vipande vyembamba vya maika vinavyometameta kwenye vidole. Tabaka hilo ndo sponji yetu.

Sasa kuoza kunafuata ufa. Penye nyufa nyingi maji yaliingia ndani zaidi na mwamba ukaoza kwenda chini sana, pembeni kidogo tu hakuna ufa basi ni jiwe zima karibu na juu, kwahiyo hatua chache zinatosha kabisa kuwatenganisha wewe na jirani. Na ukizidi kushuka, uzito wa mwamba wa juu unabana hizo nyufa, ndo maana vumbi la kijivu lililo kavu ni dalili mbaya, mara nyingi maana yake ushaingia kwenye jiwe zima na kila mita unalipia bure.

Visima vya Makutupora vinavyolisha mji navyo viko kwenye itale hii hii, ila pale mwamba umepasuliwa sana na misukosuko ya ardhi. Kina cha maji pale kinapimwa tangu miaka ya 1950 na vipimo vinaonyesha kitu ambacho kila mwenye kisima Dodoma angekijua: mvua ya kawaida haijazi, maji yanarudi ile misimu ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98 iliyoyapandisha sana. Mvua nyingine inaishia kwenye jua na mizizi.

Tafuta mpimaji anayepitisha umeme ardhini. Mwamba uliooza wenye maji unapitisha umeme kirahisi, jiwe zima linagoma. Mfinyanzi wenye chumvi nao unapitisha, kwahiyo mwambie akuonyeshe kwenye karatasi tabaka lililooza lina unene gani, asikupe tu neno "maji yapo". Hizi njia za kutafuta maji kwa kijiti kinachoinama mkononi mi siziamini.

SWALI: Kisima chetu kina chumvi mpaka chai hainyweki. Tukichemsha inapungua? Mama wa watoto watatu, Bahi.

JIBU: Hapana dada, inaongezeka. Mvuke unaondoka ni maji matupu, chumvi inabaki kwenye sufuria. Na Bahi yenyewe ndivyo ilivyo, Mto Bubu unaingia bondeni unakosa njia ya kwenda baharini, jua linakausha maji chumvi inabaki ardhini mwaka baada ya mwaka.

Mimi hata hivyo wasiwasi wangu ni floraidi zaidi ya chumvi. Inayeyuka kutoka kwenye itale, haina ladha, na kuchemsha hakuitoi. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto yanaota na madoa ya kahawia, ikizidi sana kwa miaka inaharibu mifupa. Peleka sampuli maabara ya maji, na useme wazi unataka floraidi ipimwe. Kwa sasa maji ya mvua ya bati muwekee hao watoto ya kunywa na kupikia, hasa wenye chini ya miaka 8 ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, ya kisima mfulie.