Mkono wa roboti ukitetemeka, anza na stima

Wengi wanaoniletea mkono wa roboti unaotetemeka huwa wameshakesha usiku kucha wakirekebisha programu. Wewe unayeanza, nakuomba usiguse hata mstari mmoja wa programu kabla hujapima stima.

Mkono huo huendeshwa na sevo, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru. Ile sevo ndogo ya bluu, SG90, hula kidogo ikizunguka bila mzigo. Ikikwama, yaani imeamriwa kwenda mahali na kitu kinaizuia, hufika karibu miliampea 700. MG996R yenye gia za chuma hufika kama ampea 2.5 kwenye volti 6. Sasa jumlisha: MG996R tatu za kitako, bega na kiwiko, na SG90 tatu za kifundo na kishikio, zaweza kudai zaidi ya ampea 9 kwa pamoja. Si lazima zote zikwame. Kila sevo inapoanza tu kuondoka ilipokuwa, huvuta stima nyingi mno kwa kitambo kidogo, na ukiziamrisha zote mara moja, mahitaji yao hukutana. Arduino Uno (bodi inayoziamrisha sevo) iliyochomekwa kwenye kompyuta ina fyuzi ya miliampea 500 upande wa USB. Volti zikishuka, bodi hujizima na kuanza upya, mkono unaruka, nawe unaendelea kutafuta kosa kwenye programu.

Kwa hiyo sevo zipewe chanzo chao. Betri ya mstatili ya volti 9 iache, haina ampea za kazi hii. Kwa mkono wa sevo sita, uliza madukani Luthuli Avenue, Nairobi, pawa saplai ya volti 5, ampea 10, aina inayotumika kwa taa za LED. Skrubu zake za kuingizia stima hubeba volti 240, kwa hiyo zifunike vizuri kabla hujaichomeka, hasa kama nyumbani kuna watoto. Ukipendelea betri mbili za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, kumbuka zikijaa hufika volti 8.4, nyingi mno kwa SG90. Utahitaji kipunguza volti, na kile cha LM2596 kinachouzwa bei rahisi mwisho wake ni ampea 3, hazitoshi sevo sita. Kirekebishe kitoe volti 5, ukipima kwa multimita (kipima stima), kabla hujaunganisha sevo yoyote.

Graundi (upande wa hasi) ya chanzo hicho na graundi ya Arduino lazima ziungane. Ishara ya sevo ni mpigo wa takriban milisekunde 1 hadi 2, unaorudiwa kila milisekunde 20, na sevo huupima kwa kulinganisha na graundi. Bila graundi ya pamoja, sevo itacheza ovyo hata programu ikiwa sahihi kabisa. Nyaya nyekundu za vyanzo viwili, hizo usiziunganishe. Usipitishe stima ya sevo kwenye bredibodi (ubao wa majaribio wa kuchomekea nyaya) pia, wala kwenye zile nyaya nyembamba za majaribio. Tumia waya mnene, na karibu na sevo weka kapasita (kifaa kinachohifadhi stima kwa kitambo kidogo) ya mikrofaradi 1000, volti 16, ukizingatia upande wa hasi.

Bado inatetemeka? Weka multimita pale pale sevo inapopokea stima, kisha uamrishe mkono uinue mzigo. Kipimo cha mkono uliotulia hakikuambii chochote. Volti zikishuka chini ya 4.8, tatizo ni chanzo au nyaya. Zisiposhuka, chomoa sevo zote ubaki na moja. Ikitulia, rudisha nyingine moja moja mpaka mkorofi ajitokeze. Mkorofi huyo mhamishie kwenye pini ya sevo nzima: akiendelea kutetemeka, ni mbovu mwenyewe, akitulia, kagua waya na pini ya zamani.

Sevo inayochemka huku imesimama ina shida ya mzigo. Gramu 200 zikiwa sentimita 25 kutoka begani zinadai nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 5 (kilo mara sentimita) kabla hujahesabu uzito wa mkono wenyewe, na SG90 hutoa karibu 1.8 tu. Hapo badilisha sevo au fupisha mkono. Ikinguruma kwenye nyuzi 0 au 180, huenda imegonga ukingo wake wa ndani, basi iendeshe kati ya 10 na 170. Na kabla ya kufunga kipande chochote cha mkono kwenye sevo, ipeleke kwanza kwenye nyuzi 90, ndipo ukaze skrubu.