Maghorofa sawa, lakini msiba tuuweke wapi?

Mmeuliza wiki hii kama maghorofa yanatufaa wakaazi wa mjini. Mimi nitajibu habari ya ngazi na ua, kwani ndiko yanakotushinda.

Majumba ya Michenzani, hapa Unguja mjini, nani asiyeyajua? Ramani ya 1968 waliichora wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na Mzee Karume akataka watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, watoke kwenye vibanda vya udongo na makuti. Nia ile naiheshimu mpaka leo. Lakini nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele na ua nyuma, na ghorofa haina hata kimoja.

Bibi yangu alipewa nyumba ghorofa ya nne, jengo jengine, silitaji. Alipofariki, bomba halikuwa likipandisha maji, kwa hiyo maji ya kumuoshea yalipandishwa kwa ndoo. Jeneza likakwama kwenye kona ya ngazi. Wajomba wakalijaribu hivi na vile, wakaliinamisha, halikupita. Mwisho wakamteremsha mikononi, kesha vishwa sanda, jeneza likimngoja chini. Mama yangu aliyaona yale. Wanawake walikaa ngazini kutoka chini hadi juu, maana sebule haikuchukua watu. Wanaume walikaa ukingoni mwa barabara, baina ya magari. Chakula kilipikwa mtaa wa Jang'ombe, kikaja kwa gari. Na mwanamke wa ghorofa ya tatu, ambaye tukijuana kwa salamu tu, alitoa makochi yake nje akatandika mikeka, akasema ingieni.

Nilishika kalamu niandike: hapana, hayatufai. Lakini nikimkumbuka mwanamke yule wa ghorofa ya tatu, na nikiangalia Fuoni na Tunguu, minazi inavyokatwa na mashamba kugawiwa viwanja, na Mwanakwerekwe masika inavyojaa maji, siwezi kusema hivyo. Unguja haitanuki. Tujenge maghorofa.

Ila jengo lisizidi ghorofa tatu pasipo lifti, na lifti iwe na fungu lake la matengenezo tangu mwanzo. Kona za ngazi ziwe pana. Chini kuachwe ukumbi wazi wa misiba na harusi, na mahali pa kuinjika masufuria makubwa, pasije pakageuzwa maduka. Wazee wapewe nyumba za chini kwanza. Na kabla ya msingi kuchimbwa, ramani iletwe mtaani, wanawake waulizwe watapika wapi, wataanika wapi.

Kama hayo hayawezekani, basi jibu langu ni lile la mwanzo.