Barua za Wazee: Maneno kwa Mnaoanza Kazi Hii Lamu

Wadogo zangu, nimeletewa tena barua ya mzee, muhuri mbichi, ya kushuhudia asili ya kijana wa Kibajuni aliyenyimwa hifadhi ya ukimbizi Uingereza, itiwe kwenye rufaa yake. Inaanza: "Huyu ni mtoto wetu." Jamani! Mara hii naandika, maana kusema nimechoka.

1. Rufaa hiyo haisikizwi na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliyomkataa. Huenda kwenye baraza la ngazi ya kwanza, na hakimu hupima hatari ya kumrudisha kwao ilivyo siku ya kusikiza kesi. Aliye ndani ya nchi ana siku 14 za kukata rufaa, basi habari ya "mzee yuko baharini" isiwe kila wiki.

2. Wabajuni wako pwani ya Somalia na ya Kenya. Wengi wao hawabishiwi kwamba Somalia kuna hatari. Huambiwa: wewe ni Mkenya. Hapo ndipo nilipomzamisha mtu. Kijana alisema kwao ni Chula, kisiwa cha Somalia, na khaloo yake kaolewa Kizingitini, huku kwetu Kenya. Nikamfuata mzee wa huko, nikaandika kwa mbwembwe: ni mtoto wetu, tunamjua yeye na wazee wake, jamaa zake wako hapa. Nani asiyesema hivyo kwetu? Hata mtoto wa jirani ni wetu. Lakini kwenye mahojiano na Wizara kijana alisema hana jamaa Kenya, akikusudia baba na mama, nami sikuomba nakala ya mahojiano yale. Mwakilishi wa Wizara akaziweka karatasi mbili pamoja: ama kijana mwongo, ama kwao Kenya. Rufaa ikaanguka. Na haikuishia hapo, kwani tangu hukumu ya Devaseelan ya 2002, hakimu wa pili huanzia pale alipofika wa kwanza. Kila alipoleta ushahidi mpya, barua yangu ilikuwa imeshamtangulia. Khaloo yake hunisalimu vizuri sana, afadhali angenitukana.

3. Mzee aseme alichokiona mwenyewe: alimjua wapi, lini, kwa sababu gani. Kama hajafika Chula, asiitaje. Hukumu ya Tanveer Ahmed, ya 2002 pia, yasema waraka hupimwa pamoja na ushahidi wote, na mwenye kuuleta ndiye wa kuonyesha kuwa unaaminika. Muhuri hauongezi kitu.

4. Msimfundishe mtu Kibajuni kwa simu ili apite atakapopimwa lugha. Kuna aliyenipigia usiku wa manane nimtajie samaki wa Koyama, kisiwa kingine cha Somalia. Nikamwambia mimi nawajua kwa bei tu. Ripoti za wachambuzi wa lugha, wanaosikiliza usemi wa mtu waseme katoka wapi, nazo si msahafu: Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema 2014 kwamba kila moja ipimwe kwa ubora wake.

5. Baraza la juu, anakokwenda aliyeshindwa ngazi ya kwanza, hutazama kosa la kisheria la hakimu, si ushahidi upya. Mkichelewesha shahidi mkitumaini atasikizwa huko, mmemchelewesha bure.

Barua zilizo mezani zisitoke kabla sijaziona. Yule mzee wa Ndau aitwe tena, aje peke yake, bila wale wapwa wanaomkumbusha la kusema.